Mashine ya kuchanjia kuni kwa trekta dogo: anza na pampu, si na tani

Msomaji wetu wa Konde, Pemba, anauliza:

"Assalamu alaykum fundi. Nina trekta dogo la Kijapani, mtumba, nguvu ya farasi 25. Nalimia mpunga wangu na kukodishia majirani. Sasa nimeingia biashara ya kuni, nauzia bekari mbili za boflo na wapishi wa shughuli. Kuni zangu nyingi ni za miembe mikongwe iliyoanguka au inayokatwa kupisha ujenzi, na mivinje ya kupanda. Vijana wangu wawili wanachanja kwa shoka na kabari. Mivinje wanaimudu, lakini mashina ya miembe yanawashinda na yanarundikana. Nimeonyeshwa mashine tatu: ya parafujo inayofungwa nyuma ya trekta, na hiyo ndiyo rahisi kuliko zote, ya 'tani 30' yenye injini yake ya petroli, na ya silinda inayoendeshwa na trekta, 'tani 14'. Kila muuzaji anaisifu yake. Nichukue ipi, na vijana wangu wasije wakakosa kazi?"

Waalaykumu ssalaam ndugu yangu. Nakujibu kwanza, sababu zifuate. Chukua ile ya silinda inayoendeshwa na trekta, ya tani 14, ilimradi pampu yake iwe inalingana na trekta lako kwa hesabu nitakayokupa hapa chini. Ile ya petroli ni mashine ya maana kwa mtu ambaye trekta lake halipumziki. Na ile ya parafujo usiichukue hata ukipewa bure.

Nianze na hiyo ya bure, maana najua bei yake inavuta. Parafujo ni chuma kinene chenye umbo la pia, kina ncha na meno ya kuzunguka, kinafungwa kwenye PTO, yaani ile shafti fupi ya nyuma ya trekta inayoendesha zana. Wewe unalisukuma gogo kwa mikono mpaka ncha ilidake, kisha meno yanalivuta lenyewe hadi lipasuke. Kwenye mti wa uzi ulionyooka inafanya kazi, na video zake zinapendeza. Shina la mwembe ni habari nyingine. Uzi wake umejisokota, panda zake zimeshikana, kwa hiyo chuma kinazama bila kupasua na gogo zima linaanza kuzunguka nacho. Kijana aliyelishika yuko shubiri moja kutoka kwenye chuma kinachozunguka, na kishikio cha kuzimia kiko kule mbele kwenye kiti. Mashine ya silinda ukiachia vishikio inasimama papo hapo. Ya parafujo haina cha kuachia. Hao vijana wawili wamekuja kwako na vidole kumi kila mmoja, na ni wajibu wako waondoke navyo.

Sasa tuje kwenye tani, kwa sababu ndiko wanunuzi wengi wanakopotezwa. Nguvu ya silinda inatokana na vitu viwili tu, upana wake kwa ndani na presha ya oili inayoisukuma. Silinda ya milimita 100 kwa ndani ina eneo la sentimita za mraba 78.5. Presha ya bar 180 ni sawa na kilo 183 na nusu hivi kwa kila sentimita ya mraba. Zidisha, utapata kilo 14,400. Basi huyo aliyekwambia tani 14, kama silinda yake ni ya 100 na presha ni 180, amekwambia kweli.

Nenda na hesabu hiyo hiyo kwa yule wa tani 30. Muulize kipenyo cha ndani cha silinda, si cha nje, kwa sababu cha nje kimeongezewa unene wa chuma. Akikwambia inchi 4, eneo lake ni sentimita za mraba 81, na ili ifike tani 30 itahitaji presha inayozidi bar 360. Pampu za mashine hizi ndogo za petroli kwa kawaida huishia karibu na bar 200. Kwa presha hiyo silinda ya inchi 4 inatoa tani 16 na nusu, basi. Ikiwa ni inchi 5 itatoa karibu tani 26, na hapo angalau anakaribia anachokisema. Rangi na stika za mashine hazina hesabu ndani yake. Beba tepu, beba simu ya kuzidishia, uhesabu ukiwa umesimama mbele ya muuzaji.

Je, tani 14 zinatosha mwembe? Kwa sehemu kubwa ya kazi yako, ndiyo, kama gogo limekatwa fupi na anayechanja anajua aanzie wapi. Nitarudi huko.

Jambo ambalo wauzaji hawalitaji, na ndilo litakaloamua kama utaipenda mashine au utaichukia, ni wingi wa oili inayotoka kwenye pampu kwa dakika. Presha inatoa nguvu, wingi wa oili unatoa mwendo. Silinda ya milimita 100 yenye mwendo wa sentimita 60 inajaa kwa lita 4.7. Wakati wa kurudi inahitaji pungufu, kwa sababu fimbo ya chuma imechukua nafasi ndani. Fimbo ikiwa ya milimita 50, kurudi ni lita 3.5. Pampu ikitoa lita 20 kwa dakika, kwenda ni sekunde 14 na kurudi ni karibu sekunde 11. Hiyo ni sekunde 25 kwa kila pigo, na kijana atasimama mikono kiunoni akiitazama fimbo ikitembea. Pampu ikitoa lita 38, kwenda na kurudi ni sekunde 13, na hapo binadamu ndiye anayechelewa, kwa sababu kupanga gogo, kuligeuza na kutupa vipande kunachukua muda zaidi ya huo. Kwa watu wawili sioni faida ya kwenda kasi kuliko hapo.

Na trekta lako lenyewe halitakubali zaidi. Chukua presha kwa bar, zidisha kwa lita kwa dakika, gawa kwa 600, unapata kilowati zinazohitajika. Bar 180 kwa lita 38 ni kilowati 11.4. Pampu nayo inapoteza kidogo, kwa hiyo hesabu kilowati 13 na nusu kwenye shafti, ambazo ni nguvu ya farasi 18. Injini ya farasi 25 hupeleka pungufu ya 25 kwenye PTO, na mtumba hupungua zaidi, lakini 18 zinapatikana. Sasa mtu akikushauri ununue pampu ya lita 60 "ili kazi iende mbio", hesabu yake ni farasi 28. Kwenye kipande laini hutaona tatizo. Kabari ikigota kwenye fundo, presha inapanda, injini inatoa moshi mweusi na kuzima, na unaanza kumlaumu fundi wa pampu ya dizeli ambaye hana kosa.

Kwa hiyo pampu unayoitafuta ni ya lita 35 mpaka 40 kwa dakika, PTO ikizunguka mara 540. Kuna namna mbili za kuipata. Ya kwanza ni pampu kubwa ya taratibu inayovaliwa moja kwa moja kwenye shafti. Ikiwa inatoa sentimita za ujazo 70 kwa kila mzunguko, kwa mizunguko 540 ni karibu lita 38. Ya pili ni pampu ndogo yenye sanduku la gia la kuongeza mwendo mara tatu. Pampu ya sentimita za ujazo 25 itakupa lita 40. Zote mbili ni nzuri. Ya pili ina gia za kutunza na oili yake mbali, lakini pampu ndogo ni rahisi kupata ikiharibika, na kwa mtu aliye Pemba hilo lina uzito.

Hapa nikuonye kuhusu matrekta haya ya Kijapani. Mengi yana namba kadhaa za mwendo wa PTO, na namba ya 1 ndiyo iliyo karibu na mizunguko 540. Za juu zinaweza kupita 1,000. Kijana akiingiza namba 3 kwa haraka, pampu iliyotengenezwa kwa 540 inapelekwa mbio mara mbili, inanyonya hewa, inapiga kelele kama ya changarawe, na maisha yake yamekwisha. Piga rangi nyekundu kwenye namba 1 na uwafunze. Kinyume chake hakuna madhara. Ukiendesha injini chini kidogo ili PTO iwe 400, pampu itatoa lita 28, mashine itakuwa ya taratibu, lakini tani ni zile zile kwa sababu nguvu inatoka kwenye presha. Kwa kuni nyepesi fanya hivyo, uokoe dizeli.

Utauliza, mbona trekta lina haidroliki yake ya kunyanyulia jembe, kwa nini nisiitumie hiyo? Swali la haki. Angalia kwanza kama trekta lako lina midomo ya kutolea oili nje. Mengi ya mtumba ya ukubwa huo hayana, oili inakwenda kwenye mikono ya kunyanyulia tu. Hata yakiwa nayo, pampu ya ndani mara nyingi ni ya lita 20 hivi, ukarudi kwenye zile sekunde 25. Kubwa zaidi ni kwamba kwenye matrekta mengi madogo oili ya haidroliki ni hiyo hiyo ya gia boksi. Mpira ukipasuka, umemwaga oili ya gia chini. Chembe za chuma kutoka kwenye silinda mpya zikirudi, zinakwenda kwenye gia. Mashine yenye pampu yake na tangi lake ikiharibika, trekta bado litalima.

Na hiyo ndiyo sababu inayonifanya nimheshimu yule muuzaji wa injini ya petroli, ukiacha tani zake. Mashine yenye injini yake inakuachia trekta libebe magogo huku vijana wanachanja. Fikiria mwaka wako. Januari na Februari, jua la kaskazi linapowaka, ndiyo miezi mizuri ya kukausha kuni, na ndiyo miezi hiyo hiyo wenye mabonde wanakufuata uwalimie kabla ya masika. Ukiwa na trekta moja, utachagua. Lakini kipupwe, Juni mpaka Septemba, trekta lako limepumzika, hewa ni kavu, na mti uliochanjwa mwezi wa Juni utakuwa umekauka vizuri kabla ya mvua za vuli. Kwa mauzo ya bekari mbili na wapishi, kipupwe kinakutosha kuchanja akiba. Biashara ikikua ukawa unauza kila wiki mwaka mzima, hapo nitakwambia rudi kwa muuzaji wa petroli, ukapime silinda yake.

Sasa kuhusu miti yenyewe. Mvinje ni mgumu na mzito, lakini uzi wake unapasuka vizuri, na unawaka hata ukiwa bado mbichi. Huo hata mashine ya tani 8 inaufaa. Mkaratusi uchanje ukiwa mbichi, siku ile ile ya kukatwa ikiwezekana, kwa sababu ukikauka uzi wake unajifunga na unakuwa kama waya. Mnazi usiuhesabu kabisa. Hauna uzi wa kupasuka, ni nyuzinyuzi zilizolala pamoja, kabari inazama na kunasa. Magogo ya mnazi wauzie wachoma chokaa, wao wanataka gogo zima kwenye tanuu na hawana haja ya kuchanjiwa.

Mwembe ndio mtihani wako. Kata vipande vya sentimita 45, si zaidi, hata kama tanuri la bekari linapokea kuni ndefu zaidi. Kila sentimita kumi unayoongeza ni uzi zaidi unaoshikana. Usiweke kabari katikati ya gogo kubwa. Anza pembeni, bega la gogo, utoe ubao wa unene wa kiganja, uligeuze, utoe mwingine, mpaka ubaki moyo tu. Sikiliza injini. Ikishuka sauti kidogo kisha ikapanda, uzi umekubali. Ikishuka na kubaki chini, na ukasikia mluzi mwembamba kutoka kwenye valvu, presha imefika mwisho na oili inarudi kwenye tangi bila kufanya kazi. Achia, geuza gogo, tafuta upande mwingine. Kuendelea kukandamiza ni kuchemsha oili. Zile panda zenye matawi mawili au matatu yaliyoshikana zitenge, uzipasue kwa msumeno wa moto kwa urefu wake. Hata tani 26 zinahangaika nazo. Na waambie vijana wavae mikono mirefu inayobana, maana utomvu wa mwembe unawasha ngozi.

Ile kabari ya kuchana vipande vinne kwa pigo moja, wauzaji wanaipenda kuionyesha. Kwa mvinje wa unene wa paja ni nzuri. Kwa mwembe na tani 14 itagota. Nunua mashine ambayo kabari hiyo inachomolewa, usichukue iliyochomelewa.

Mashine iwe ya kusimama wima, gogo likae chini juu ya bamba na kabari ishuke. Hili silipunguzi hata kidogo. Kipande cha mwembe mbichi cha upana wa sentimita 60 na urefu wa 45 kina uzito unaozidi kilo 110. Mashine ya kulala inataka kipande hicho kinyanyuliwe mpaka kiunoni, na kinachofuata, na kinachofuata. Kwa ya wima unakibingirisha tu. Migongo ya vijana ni sehemu ya mtaji wako, na ni migongo yao kabla haijawa mtaji wako.

Mashine ya aina hii ikiwa na oili yake inafika kilo 300 hivi, na inaning'inia nyuma ya trekta. Soma kibati au kitabu cha trekta, uone mikono yake inanyanyua kilo ngapi. Ingekuwa Makunduchi, kwenye tambarare, ningeishia hapo. Pemba ni kupanda na kushuka. Trekta dogo lenye kilo 300 nyuma likipanda mlima, magurudumu ya mbele yanakuwa mepesi, na usukani haushiki. Weka vyuma vya uzito mbele, beba mashine chini karibu na ardhi, nenda gia ndogo. Kama mlima ni mkali, ipakie kwenye trela. Ukifika, ishushe mpaka miguu yake ikanyage ardhi, vuta breki, weka mawe mbele ya magurudumu, ndipo uanze.

Shafti ya kuunganisha PTO na pampu lazima iwe na ganda lake la plastiki, na mnyororo wa ganda ufungwe. Mizunguko 540 kwa dakika ni mizunguko tisa kwa sekunde. Shafti ya milimita 35 inavuta kitambaa mita moja kwa kila sekunde moja. Ncha ya kikoi ikidakwa, hakuna mtu mwenye muda wa kupiga kelele. Hakuna kanzu, hakuna msuli, hakuna kamba ya suruali inayoning'inia, na watoto wanaokuja kuokota vibanzi wakae mbali mpaka injini izimwe. Vishikio vya kushushia kabari viwe viwili, vinavyotaka mikono miwili ya mtu mmoja kwa wakati mmoja. Ukikuta mashine ambayo kimoja kimefungwa kwa waya ili mtu atumie mkono mmoja, mwenyewe amekwishakwambia jinsi alivyoitumia. Anayeshika vishikio ndiye huyo huyo anayepanga gogo, mwenzake asogee.

Oili. Tangi liwe na ujazo wa karibu lita 40, sawa na kinachopita kwenye pampu kwa dakika moja, kwa sababu tangi ndilo linalopooza. Wauzaji wanaoleta mashine kutoka nchi za baridi huja na tangi la lita 15, na kwa joto letu saa moja baadaye hutaweza kuligusa. Tumia oili ya haidroliki namba 68 badala ya 46. Ukishindwa kuweka kiganja kwenye tangi kwa sekunde chache, pumzika. Mpira wa kunyonyea kutoka tangi hadi pampu uwe mnene, inchi moja na robo, usiwe na mkunjo. Ukiona oili ndani ya tangi imekuwa nyeupe ina povu, hewa inaingia kwenye mpira huo. Kaza bendi zake kabla hujagusa kingine.

Nakusihi kwa hili moja: oili ikivuja, usiitafute kwa mkono. Tundu la sindano kwenye mpira wenye bar 180 linarusha uzi wa oili unaopenya ngozi bila maumivu makubwa, unaacha alama ndogo tu, na baada ya saa chache mkono unaanza kufa kwa ndani. Zima trekta, sukuma vishikio mbele na nyuma kutoa presha, kisha ukiwasha tena pitisha kipande cha boksi karibu na mpira uone kinapolowa. Na mtu akipenywa, apelekwe hospitali saa ile ile, aseme wazi kwamba ni oili ya presha, kwa sababu inataka daktari wa upasuaji na si plasta.

Kama mashine hiyo ni mtumba, itoe fimbo ya silinda yote nje, ifute, upitishe ukucha kutoka mwanzo hadi mwisho. Ukucha ukikwama kwenye vishimo, kutu imekwishaila, na kila ikitembea itakata sili. Hewa yetu ya chumvi inamaliza fimbo nyingi kuliko kazi yenyewe. Kisha muombe muuzaji afunge geji ya presha, abane gogo gumu mpaka mwisho, na usome: ikifika 180 na kutulia, sawa. Ikipanda kwa kusuasua, pampu imechoka. Asikuambie ataikaza valvu ya presha ipande. Valvu hiyo ndiyo inayozuia silinda na boriti visiraruke, na mahali pake ni pale ilipowekwa kwa geji.

Kuna njia ya nne ambayo hukuitaja, nayo ni kumpa fundi wa kuchomelea akutengenezee. Naiafiki, fundi akiwa mzuri. Pampu, valvu na silinda nunua zilizokamilika, yeye atengeneze mwili. Boriti iwe chuma cha umbo la H chenye upana wa milimita 150 au zaidi, na bamba la kukalia gogo litiwe mbavu pande zote, maana tani 14 zinasukuma hapo kila dakika. Na asikuwekee silinda ya tipa. Ile ya tipa kwa kawaida inasukuma upande mmoja tu, inarudi kwa uzito wa bodi. Kwenye mashine ya kuni kabari ikinasa kwenye mwembe, hakuna wa kuirudisha.

Kabla mashine haijapakiwa bandarini, nunua seti moja ya mipira ya presha ya akiba yenye vichwa vyake, seti ya sili za silinda hiyo, na chujio mbili. Mpira ukipasuka katikati ya wiki ya harusi, hutaki kusubiri boti. Badilisha chujio la kwanza mapema, baada ya saa 50 za mwanzo, maana mashine mpya inatoa chembe nyingi. Kila jioni rudisha fimbo yote ndani ya silinda, paka grisi sehemu inayobaki nje, na uifunike.

Kibali cha kukata na cha kusafirisha nadhani unacho tayari. Kama huna, pitia kwa sheha na watu wa misitu kwanza, na mkarafuu na mkoko usiviguse bila ruhusa hata vikiwa vimeanguka.

Kuhusu vijana wako: mashine hii inataka watu wawili, mmoja wa vishikio na mmoja wa kubingirisha na kupanga, wakibadilishana kila saa. Ulichokuwa unapoteza ni yale mashina ya mwembe yanayooza uani, na hayo ndiyo yatakayowalipa.

Kabla hujatoa pesa, nitumie vipimo vitano: kipenyo cha ndani cha silinda, mwendo wake, presha kwenye kibati cha pampu, sentimita za ujazo za pampu kwa mzunguko, na kilo zinazonyanyuliwa na mikono ya trekta lako. Muuzaji akishindwa kukupa hata vile vinne vya mashine yake, nenda kwa mwingine.